Kompyuta Nayo Ina Alifu Yake



Ndugu wasomaji, kila likizo ndefu inapokaribia wazazi hutujia na swali lile lile: mtoto ashughulishwe na nini akitoka madrasa? Siku hizi wengi huja na jibu lao mkononi, nalo ni kozi ya kompyuta, hasa kujifunza kuandika programu. Jibu hilo hatuna ugomvi nalo. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari, kwa hiyo si jambo la watu wachache tena. Ugomvi wetu ni namna watoto wanavyofundishwa.

Mtoto wa miaka kumi na tatu hulipiwa wiki mbili katika kituo fulani mjini, akarudi nyumbani na cheti chenye mhuri pamoja na mchezo wa mpira unaoruka kwenye skrini. Nyumba nzima hufurahi. Mwambie sasa aufanye mpira uende polepole zaidi, au ubadilike rangi, utamwona anakodoa macho. Mchezo ule aliunakili mstari kwa mstari kutoka ubaoni. Na sasa hata kunakili hakuna haja, kwa kuwa programu za akili mnemba humwandikia kazi yote kabla chai haijapoa.

Sisi walimu wa madrasa hali hii tunaijua sana. Yuko mtoto anayesoma Juzuu Amma kwa ghibu kuanzia mwanzo hadi mwisho, sauti nzuri, wageni wakashangaa. Mfungulie ukurasa asiowahi kuusikia, ananyamaza. Hajui herufi. Alichohifadhi ni kheri kubwa, lakini hawezi kusogea hatua moja bila mtu wa kumsomea kwanza. Ndiyo maana tunawarudisha kwenye alifu kwa ujiti hata kama mzazi ananung'unika kwamba mwanawe "ameshafika mbali". Na kompyuta nayo ina alifu yake.

Ushauri wetu ni mtoto aanze na lugha moja tu, akae nayo miezi kadhaa. Kwa anayeanza tunapendelea Python. Ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi, mwishoni mwa mwaka 1989, ikatolewa kwa watu mwaka 1991. (Wanaodhani ni jina la chatu wasamehewe. Alilichukua kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza.) Ni katika zile ziitwazo lugha za skripti: unaandika amri zako katika faili la kawaida, na programu nyingine, ambayo ni kama mkalimani, inazisoma na kuzitekeleza papo hapo. Mtoto anaandika mstari mmoja, anaona jibu lake hapo hapo. Lugha yenyewe ni bure, na kompyuta kuukuu inatosha kabisa. Hata simu ya Android hufaa kwa kuanzia, ingawa kibodi ya simu inachosha vidole.

Wazazi wengine huogopa Kiingereza. Maneno ya kudumu ya Python ni kama 35 tu, na anayeanza hatumii hata nusu yake. Majina mengine yote anaweza kuyaweka kwa Kiswahili mwenyewe. Tazameni mfano huu:

mali = int(input("Mali yako ni kiasi gani? "))
nisabu = int(input("Nisabu ya leo ni kiasi gani? "))
if mali >= nisabu:
    print("Zaka:", mali / 40)
else:
    print("Haijafika nisabu")

Ni mistari sita tu, na ndani yake mna mafunzo ya wiki tatu. Mna majina yanayohifadhi thamani, mna kuuliza na kupokea jibu, mna sharti. Lile neno int lina kisa chake: kila kinachoandikwa na mtumiaji, kompyuta hukipokea kama maandishi, si kama hesabu. Ukiliondoa int, ukachukua 5 mbili zilizoandikwa na mtumiaji ukazijumlisha, utapata 55! Mtoto akiliona jambo hili kwa macho yake hasahau.

Tazameni pia nafasi iliyoachwa kabla ya print. Si pambo. Katika Python nafasi ile ndiyo inayosema mstari huu uko chini ya sharti lile, na ukiiondoa programu inakataa kwenda. Watoto wetu hawapati tabu kulielewa hilo, kwani wanajua fataha na kisra ni alama ndogo, lakini zinageuza maana ya neno.

Ila faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni maswali yanayozuka. Kwa nini tumeandika >= badala ya > peke yake? Kwa sababu mwenye mali iliyolingana na nisabu barabara naye imemlazimu, na kompyuta haiwezi kulikisia hilo, lazima iambiwe. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, mbona programu haikuuliza kama mwaka umepita?" basi huyo ameelewa mambo mawili kwa mpigo, zaka na kompyuta. Mwingine atauliza kuhusu madeni. Waacheni waongeze mistari yao. Programu humlazimisha mtu aseme kila sharti analolijua, na pale anapobabaika ndipo inapoonekana hakulijua vizuri. Mtoto aliyeletewa programu iliyokwisha kukamilika hafiki kwenye maswali haya kamwe.

Kwenye mirathi mambo yanakuwa matamu zaidi. Iambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itajibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Kompyuta huhifadhi desimali kwa namba za mbili, na moja ya kumi haiingii humo kikamilifu. Kwa hiyo mafungu ya warithi ni bora yahesabiwe kwa sehemu kamili, na Python ina chombo chake kiitwacho Fraction. Marehemu akiacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mke ana 1/8, mwana 7/16, kila binti 7/32. Jumlisha, unapata moja kamili. Kwenye majukwaa tunapenda kumtaja Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya tisa, kwamba neno algorithimu limetokana na jina lake. Ni kweli, na sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr inahusu wasia na mirathi. Lakini kumtaja ni rahisi. Tuwape watoto hesabu zenyewe.

Sasa makosa. Anayeanza akiona maandishi mekundu yamejaa skrini hudhani ameharibu mashine ya baba. Mfundisheni kusoma mstari wa mwisho kwanza, ndipo linapotajwa kosa lenyewe. NameError mara nyingi ni jina lililoandikwa vibaya, IndentationError ni ile nafasi tuliyoitaja. Kompyuta haina bakora, na mtoto mwoga wa kukosea hujifunza humo kukosea mara ishirini kwa saa moja na kurekebisha mara ishirini. Akili mnemba aiulize, lakini baada ya kujaribu, na aiulize sababu ya kosa, siyo jibu.

Jambo moja linatuudhi, na tutalisema. Nyumba nyingi kompyuta ikinunuliwa ni ya mwana wa kiume, binti anaambiwa akasaidie jikoni. Kazi hii haihitaji misuli wala kutembea usiku, inafanyika sebuleni mbele ya mama yake. Kama ipo moja, igawanywe kwa saa, na saa za binti zisiwe zile za kupika.

Jihadharini pia na vitabu vya mitumba. Mkiona print imeandikwa bila mabano, hicho ni cha Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mtoto atapata makosa yasiyo yake.

Kwa wanaotaka kuanza usiku huu huu, nyota ya pembe nane, ile inayonakshiwa misikitini, hii hapa:

from turtle import *
for i in range(8):
    forward(200)
    left(135)
done()

Aandike mwenyewe, asinakili kwa kubofya. Nyota ikishatokea, mpeni kalamu na karatasi atafute kwa nini ni 135, kisha abadilishe namba mbili tu apate nyota ya pembe tano. Msimwambie ni zipi.

Wabillahi tawfiq.