Kinyago cha Mpira na Kazi ya Maji

Umwonapo mtu amevaa kinyago cha mpira, kile kinachofunika kichwa kizima hadi shingoni, chenye makunyanzi ya ajuza au meno ya zimwi, ni rahisi kudhani kwamba taabu yote ilikuwa katika kuiumba ile sura. Kijana anayejaribu ufundi huu kwa mara ya kwanza naye hudhani hivyo hivyo. Atatumia majuma mawili akifinyanga pua na kope, kisha kazi zote zilizosalia azimalize kwa siku moja. Kesho yake anatoa katika kalibu kitu kinachonata, chenye matundu, pua imegandamana na shavu, na harufu ya kuchoma macho imetanda nyumba nzima. Mzazi anauliza fedha zimekwenda wapi, na ndoo ya plasta imekwisha kuganda jikoni.

Safu yetu ya leo yahusu hasara hiyo na sababu zake. Mimi naamini kwamba karibu kila kinyago kinachomharibikia mwanafunzi kimeharibiwa na jambo moja, nalo ni maji: maji yaliyomo katika utomvu wa mpira, maji yaliyomo katika plasta, na njia ambayo maji hayo hupita yanapotoka. Mchongaji wa kinyago cha mapiko kule kwa Wamakonde hupunguza mti mpaka sura itokee. Fundi wa mpira hupunguza maji, na maji hayana haraka.

Hebu tuanze na utomvu wenyewe. Wazee wa Muheza, mkoani Tanga, habari za mashamba ya mpira wamezirithi tangu enzi za Mjerumani, ingawa mti uliopandwa wakati ule haukuwa huu unaotawala soko la dunia leo, uitwao Hevea brasiliensis, ambao asili yake ni misitu ya Amazon. Mti huo hugemwa kwa kuchanjwa gome, nao hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Lakini mtu asifikiri kwamba atakwenda shambani na ndoo, arudi nayo nyumbani atengeneze kinyago. Utomvu mbichi huganda wenyewe katika muda wa saa chache, kama maziwa yanavyoganda. Ili usigande hutiwa amonia, kisha huzungushwa kwa mashine ili maji yapungue, mpaka mpira uliomo ufikie kiasi cha asilimia 60. Aidha, wa kutengenezea vinyago aghalabu huwa umekwisha kuchanganywa na salfa kiwandani, kwa njia iliyotokana na uvumbuzi wa Charles Goodyear wa Marekani mwaka 1839. Bila salfa, mpira hulainika na kunata wakati wa joto. Yeyote aliyewahi kupika ulimbo wa kunasia ndege anakifahamu kitu cha namna hiyo, na bila shaka asingependa kukivaa usoni.

Ufundi huu umekulia Marekani, ambako usiku wa tarehe 31 Oktoba, sikukuu yao ya Halloween, watoto hujigeuza sura wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Huko pia sinema zina njaa isiyokwisha ya mazimwi na wazee wa bandia. Hata hivyo, kwa miaka mingi mafundi wa Hollywood walikuwa wakificha maarifa yao kama mganga anavyoficha dawa. Dick Smith, aliyeajiriwa na televisheni ya NBC mwaka 1945, ilimbidi ajifunze mengi peke yake kwa kujaribu na kuharibu. Alipofanikiwa hakulipiza kisasi kwa wengine. Mwaka 1965 alitoa kitabu cha kuwafundisha watoto kujitengenezea sura za kutisha kwa vitu vipatikanavyo nyumbani, na vijana waliomwandikia barua aliwajibu. Mmoja wao ni Rick Baker, ambaye baadaye alimsaidia katika filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, na mwaka 1982 akapata tuzo ya Oscar, ya kwanza kati ya saba alizopata maishani. Smith alifariki mwaka 2014. Wako mafundi wetu hapa nchini, wa fani nyingi tu, ambao habari hii ingewafaa.

Sasa tuingie kazini. Sura hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi juu ya kichwa cha sanamu, iwe kubwa kidogo kuliko kichwa kitakachovaa, maana mpira ukikauka husinyaa. Udongo wa maji ufunikwe kwa kitambaa kibichi kila jioni, ama sivyo utapasuka usiku na kazi ya juma zima ikatoka ufa kutoka paji hadi kidevu. Sura ikikamilika huzungushiwa plasta ya jasi, ile inayofanana na ya kufungia mifupa hospitalini, kwa vipande viwili vinavyokutana nyuma ya masikio. Plasta ikiganda, vipande hutenganishwa, udongo hutolewa, nayo kalibu huwa tayari.

Au tuseme huonekana kuwa tayari, kwani hapa ndipo wengi wanapopotea. Gramu 100 za plasta, ili zigande, huhitaji gramu 19 hivi tu za maji. Lakini kwa kiasi hicho uji wake haumiminiki, kwa hiyo fundi hutia gramu 60 au 70. Maji yaliyozidi hayaungani na plasta. Hukaa ndani yake, kisha hutoka polepole kwa kukauka, na pale yalipokuwa huacha vijitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijitundu hivyo ndivyo vinavyofanya kazi yote. Utomvu ukimiminwa katika kalibu iliyokauka, ukuta wa plasta huyanywa maji yake, na mpira unabaki umejipanga ukutani kama utando, ukizidi unene kadiri dakika zinavyokwenda. Kalibu ambayo bado imeshiba maji yake yenyewe haiwezi kunywa mengine. Utamimina, utangoja, utamwaga, nao utando utakuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

Kwa hiyo kalibu yapasa ikaushwe kwa siku kadhaa, na wakati wa masika hata zaidi. Iweke shavuni: ikiwa baridi, bado ina maji. Usiitie katika tanuri wala kuisogeza karibu na mkaa ili kuharakisha, maana joto kali huiondolea plasta hata yale maji iliyoyafunga, nayo huwa laini kama chaki.

Liko kosa jingine linalozaliwa na woga. Mwanafunzi huogopa kwamba mpira utang'ang'ania ukutani, hivyo huipaka kalibu mafuta ya mgando, au huipiga vanishi. Kwa kufanya hivyo ameziba vile vijitundu kwa mkono wake. Zaidi ya hayo, mafuta ni adui wa mpira. Huufanya uvimbe na kulegea. Kalibu safi iliyokauka haihitaji kupakwa kitu.

Hapana budi niseme neno zito kuhusu plasta, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na wazazi. Plasta inapoganda hutoa joto, na ikiwa nyingi joto hilo laweza kufikia nyuzi 60 au kupita. Mwezi Januari 2007, huko Uingereza, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono katika ndoo ya plasta shuleni ili apate sanamu ya mikono yake. Plasta iliganda, mikono ikakwama ndani, joto likapanda. Alipoteza vidole vingi vya mikono yote miwili. Basi mtoto asitie mkono katika plasta, na rafiki asimpake rafiki usoni ili kuchukua umbo la sura yake. Wenye ujuzi hutumia unga maalumu wa madaktari wa meno, ule wa kuchukulia chapa ya meno, na hata huo huhitaji mtu mzima wa kulinda pumzi za aliyepakwa.

Turudi kwenye kalibu. Vipande vyake hufungwa pamoja kwa kamba imara na nyufa zikazibwa kwa udongo. Kwanza miminia utomvu kidogo, uugeuze geuze hadi uingie katika kila kunjo la pua na masikio, kwa maana povu la hewa likibaki nchani mwa pua, tundu litabaki pale. Kisha jaza. Ungoje nusu saa, au saa nzima na zaidi ukitaka kinyago kizito, ndipo uumwage uliobaki katika chombo chake na kuufunika. Fanya kazi hii barazani penye upepo, kwa ajili ya amonia. Na atakayesafisha baadaye asitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu klorini na amonia zikikutana hutoa hewa ya sumu.

Kinachofuata ni kungoja siku nzima, pengine mbili. Utomvu usiochanganywa na kitu una ishara nzuri: ukiwa na maji ni mweupe, ukikauka hugeuka rangi ya asali hafifu. Palipobaki weupe, aghalabu ndani ya pua na nyuma ya sikio, bado. Sijui kwa nini hata watu wazima wenye akili zao hushindwa na saa hizi za mwisho, lakini ndivyo ilivyo. Huingiza kidole, huvuta, huona pamelegea, huvuta tena.

Hata ukiwa mkavu, mpira mpya hujishika wenyewe. Shavu likigusa shavu kwa ndani, hayatengani tena mpaka yachanike. Kabla ya kubandua, nyunyiza unga wa wanga wa mahindi ndani kote, na uendelee kunyunyiza kila inchi inapoachana na ukuta. Fundi mzoefu huonekana mweupe kama mtu aliyetoka kinuni.

Rangi ya mafuta ya nyumba haifai, kwani haivutiki; kinyago kikikunjwa itabanduka kama magamba. Wengine huchanganya rangi katika utomvu wenyewe, wengine katika solusheni, ile gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, ambayo harufu yake hulevya na mvuke wake hushika moto upesi. Jiko na taa ya mafuta viwe mbali.

Wapo watu ambao miili yao haipatani kabisa na utomvu huu. Jambo hilo lilianza kujulikana sana kuanzia miaka ya 1980, glavu za mpira zilipoenea mahospitalini kwa sababu ya ugonjwa wa UKIMWI. Hutokwa na vipele, hupiga chafya, na wengine hubanwa na kifua hata maisha yakawa hatarini. Mtu anayewashwa mdomo kila alapo ndizi, parachichi au papai awe mwangalifu zaidi, maana mara nyingine mwili huzichukia protini za matunda hayo pamoja na za mpira. Yafaa kuufunga mkononi kipande kidogo kilichokauka kabla ya kuvaa kichwa kizima, na mwenye pumu amwulize daktari kwanza.

Kama ningeshauriwa, ningemwambia anayeanza asianze na kichwa kizima. Afanye pua, au nusu ya uso. Kalibu yake ni ya kipande kimoja, plasta yake haijazi bakuli, na ikiharibika kilichopotea ni kidogo.

Matundu ya macho yakatwe mapana kuliko inavyoonekana kufaa, na ya pua kadhalika, kwani ngozi haipumui ndani ya mpira na jasho hutiririka upesi. Waya wa shaba usitumike kufungia nywele za bandia, kwa kuwa shaba huozesha mpira. Baada ya kuvaliwa, kinyago kifutwe jasho, kipakwe unga kwa ndani, kijazwe karatasi ili shavu lisikunjike, kisha kiwekwe mahali penye giza na ubaridi, mbali na dirisha.