Ile picha ya shimo jeusi haikupigwa kwa kamera

Wadau, Aprili 10, 2019 magazeti mengi yaliandika kwamba wanasayansi "wamepiga picha" ya shimo jeusi la galaksi ya M87, yakaishia hapo. Ndiyo maana hadi leo kuna wanaobisha kwamba ilichorwa na kompyuta.

Mawimbi yalirekodiwa Aprili 2017 na darubini saba za redio, kuanzia Hawaii hadi Hispania (ya nane, ya Ncha ya Kusini, haiwezi kuiona M87). Kazi ngumu ilikuja baadaye. Sahani la antena ni zito. Likigeuzwa kufuata nyota, hujipinda kidogo kwa uzito wake na kupunja ishara, kama mizani mbovu ya buchani. Hewa nayo hunyonya sehemu yake. Basi wataalamu hupima kitu ambacho mng'ao wake unajulikana, kwa mfano sayari, kikiwa juu na kikiwa chini angani. Kila kipimo ni nukta kwenye grafu, halafu unatafutwa mstari uliopinda unaozikaribia nukta zote. Mstari huo ndio unaoonyesha antena inapunja kiasi gani kwa kila pembe.

Je, huko si kupika data? Mimi nasema hapana, maana mstari unatoka kwenye sayari, si kwenye M87. Makosa yalibaki, hasa darubini ya Mexico, na wenyewe waliyaandika. Timu nne zikatengeneza picha bila kuonyeshana. Zote zilipata pete.

Wahariri, hiyo grafu nayo ni habari. Ichapeni.