Umaskini kwenye filamu: Nani anasimulia, na kwa ajili ya nani?

KAMERA inapoingia katika mtaa wa mabanda, swali moja huzuka: je, imekuja kusimulia maisha ya wakazi, au kuonyesha dhiki yao tu?

Mwaka wa 2005, filamu ya The Constant Gardener ilifikisha sura ya Kibera katika majumba ya sinema kote ulimwenguni. Mwaka uliofuata, Rachel Weisz alituzwa Oscar kwa kuigiza ndani yake. Hata hivyo, kisa kilihusu mwanabalozi Mwingereza na mkewe. Wakazi wa Kibera walikuwa mandhari tu.

Miaka mitano baadaye, Hawa Essuman alielekeza Soul Boy katika mtaa uo huo. Humo, kijana Abila, mwenye umri wa miaka 14, anahangaika kuiokoa roho ya babake. Uchochoro na mabati ni yale yale, lakini safari hii mkazi ndiye mwenye kisa.

Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga ilifuata mwaka wa 2012, na ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania Oscar. Mwas anatoka kijijini kusaka uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza jijini, kisha anajikuta katika genge. Wahusika wanazungumza Sheng, Kiswahili na Kikuyu bila kumwonea haya mtazamaji.

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ilienda mbali zaidi. Mtoto Jo anaugua maradhi yasiyo na tiba. Mamake ni mkunga, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Hakuna anayengoja mfadhili aje kuwaokoa. Wanaliwazana kwa kidogo walicho nacho.

Hapo ndipo penye ukweli ambao takataka na mitaro ya majitaka haiwezi kuusimulia: maskini hucheka, hugombana, huota ndoto na huzikana.

Lakini kuna kitendawili. Filamu hizi tatu zilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Ujerumani, One Fine Day Films. Waelekezi walikuwa wa hapa nyumbani, ila mfuko ulikuwa wa ugenini. Amlipaye mpiga zumari ndiye achaguaye wimbo, na hakuna hakikisho kwamba kila mfadhili ataridhia wimbo wa wenyeji.

Kenya ikitaka hadithi za wanyonge wake zisimuliwe kwa heshima, haina budi kuzigharamia, na kuhakikisha zinaonyeshwa kwanza Kibera, Mathare na vijijini, mbele ya wanaozijua.