Waacheni Wacheze Historia

Kuanzia Bagamoyo mjini hadi Bunju, wazazi wengi wana kauli moja: gemu za kompyuta zinapumbaza vijana. Kauli hiyo ni ya uvivu. Inatia kapu moja mchezo wa kufyatua risasi na mchezo wa kufikiri. Wazee wetu hushinda barazani wakicheza bao, kila mmoja akingoja zamu yake huku akihesabu kete za mwenzake, na hakuna anayewaita wapumbavu.

Nimerudi kucheza Civilization, mfululizo wa gemu alioanzisha Sid Meier mwaka 1991. Nao huchezwa kwa zamu: unaanzisha mji, unatafuta chakula, unajenga bandari, unapatana na majirani au unawapiga. Toleo la nne, la 2005, linafunguliwa kwa "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, utunzi wa Christopher Tin ulioshinda Grammy mwaka 2011. Katika toleo la sita, Kilwa Kisiwani imo miongoni mwa maajabu ya dunia, na faida yake huongezeka ukiwa na ushawishi kwa miji huru. Aliyebuni hilo aliielewa pwani yetu kuliko vitabu vingi vya shule.

Muulize mwanafunzi kwa nini Bagamoyo ilipoteza makao makuu ya Wajerumani. Atakutajia 1891, basi. Kijana aliyewahi kukosea kuchagua mahali pa kujenga mji katika mchezo huu atauliza kina cha maji. Jibu liko ufukweni: maji yakipwa, majahazi hulala mchangani, na wachukuzi hutembea majini na mizigo kichwani. Meli za moshi zilihitaji ghuba yenye kina, nayo ilikuwa Dar es Salaam. Kaole, jirani tu hapo, ilikwisha kupoteza bandari yake kwa matope na mikoko.

Mchezo huu una uongo wake, tena mzito. Karafuu za Zanzibar zimo tangu zama za kale, ilhali zilifika visiwani karne ya 19. Pembe za ndovu zinahesabiwa kuwa utajiri, lakini mabega yaliyozibeba kutoka bara hadi Bagamoyo hayaonekani. Hapo ndipo kijana anapomhitaji mtu mzima wa kukaa naye. Kumnyang'anya kompyuta hakumfundishi lolote.

Walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi Kaole, kisha wawekeeni mchezo huu na muwaulize: ninyi mngejenga bandari wapi, na nani angebeba mizigo?