TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: WAZEE WETU WASISAINISHWE BIMA MKUTANONI



Kwa ruhusa ya Mwenyekiti, naandika maoni yangu kabla ya mkutano wa Novemba. Baadhi yenu mmependekeza tumwalike wakala wa bima aje awaandikishe wazee wetu kwenye Medicare Advantage, na tangazo lake la "dola 0 kwa mwezi" limeshazunguka grupu zote. Aje aeleze, sina tatizo. Kusainisha wazee siku hiyo hiyo, napinga.

Tuanze na hiyo sifuri. Medicare Advantage huendeshwa na kampuni binafsi. Serikali ya Marekani huilipa kampuni kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mzee aliyeandikishwa, kisha kampuni ndiyo inabeba gharama za matibabu yake. Mzee akitumia kidogo, kampuni inapata. Akitumia sana, inaumia. Ndiyo maana wana orodha yao ya madaktari, ndiyo maana kipimo kikubwa kinaombewa kibali kwanza, na ndiyo maana wanaweza kutoa miwani na huduma ya meno ili kuvutia watu.

Halafu mzee bado analipa ada ya Part B. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa walio wengi, na kwa kawaida inakatwa kwenye Social Security kabla hajaishika. Kwa wazazi tuliowaleta kwa green card hesabu ni nzito zaidi: lazima wawe wameishi hapa miaka 5 mfululizo, na kama si mzazi wala mwenzi wake aliyefikisha miaka 10 ya kazi yenye makato, Part A nayo inalipiwa; mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 518 kwa mwezi. Miaka yako wewe mtoto haihesabiki hapo. Bila Part A na Part B zote mbili, hakuna Advantage.

Nisieleweke vibaya. Medicare ya kawaida inamwachia mzee asilimia 20 ya gharama nyingi za daktari, bila ukomo. Advantage ina ukomo: mwaka 2025 haukuweza kuzidi dola 9,350 kwa huduma za ndani ya mtandao wao. Mzee asiye na uwezo wa kununua bima ya kujazia, yaani Medigap, huo ukomo ni kinga ya kweli. Kuna wazee katika tawi hili ambao ningewashauri waingie.

Ila mlango wa kurudi ni mwembamba. Mtu aliyetimiza miaka 65 ana miezi 6 tangu Part B yake ianze ambapo kampuni haiwezi kumnyima Medigap kwa sababu ya ugonjwa. Aliyeingia Advantage mara tu alipofikisha 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi. Baada ya hapo, katika majimbo mengi pamoja na Texas yetu, kampuni inaweza kumuuliza kuhusu sukari na presha yake, ikamkatalia. Sahihi ya dakika tano inaweza kumfuata mtu maisha yake yote.

Jambo jingine halimo kwenye matangazo, nalo linatuhusu sisi hasa. Wazee wetu wanakwenda nyumbani na kukaa. Msiba, shamba, harusi ya mjukuu, mara miezi imepita. Mwanachama akikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi 6 mfululizo, kwa kawaida mpango unatakiwa kumwondoa. Na Medicare ya kawaida hailipi Muhimbili wala Bugando. Baadhi ya mipango hulipia dharura nje ya nchi kwa kiwango fulani. Wakala aulizwe hilo, na ajibu kwa maandishi.

Sasa hapa naomba msome polepole. Mwaka 2023 mipango hii ilikataa, kabisa au kwa sehemu, maombi ya vibali yapatayo milioni 3.2. Waliokata rufaa hawakufika 12 katika kila 100. Lakini katika rufaa zilizokatwa, zaidi ya 80 katika kila 100 zilibadilisha uamuzi, wote au sehemu yake. Tafsiri yake ni kwamba wengi hupokea barua ya "hapana" na kuiweka kabatini. Wazee wetu wengi hawasomi barua za Kiingereza, na sisi watoto tuko kazini shifti mbili. Mzee anayeingia Advantage bila mtu wa kumsomea barua ameingia nusu. Napendekeza Kamati iteue wanachama wawili wa kazi hiyo.

Kuhusu wakala: kwa mwaka 2025 aliweza kulipwa hadi dola 626 katika majimbo mengi kwa mtu anayeingia Advantage kwa mara ya kwanza. Ni kazi halali, lakini tujue nani anakula wapi. Na sheria hairuhusu mlo kwenye mkutano wa kuuza mipango hii, kwa hiyo ile ahadi ya pilau tuiondoe. Washauri wa SHIP wanasaidia bure na hawauzi chochote. Namba 1-800-633-4227 ni ya Medicare yenyewe. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure.

Dirisha la kubadili mpango linafungwa Desemba 7. Kila familia ije na majina ya dawa na vipimo vyake, majina ya madaktari na hospitali, na miezi ambayo mzee anatarajia kuwa nyumbani. Nitakuja na kikokotoo, tutapiga hesabu ya mzee mmoja mmoja baada ya ajenda. Mwenye barua ya kukataliwa aje nayo, hata kama ni ya mwezi uliopita, maana muda wa rufaa huenda haujaisha.

Katibu wa Tawi