Vita Vilivyoanzia Kwenye Chelezo

Karibu kila anayesimulia Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Nyasa huanza na kichekesho kilekile. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya mizinga ya Waingereza, Gwendolen, ikiongozwa na Edmund Rhoades, ilitokea ghafla kwenye ghuba ya Sphinxhaven, Liuli ya leo, ikaanza kuipiga meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann. Meli hiyo haikuwa hata majini. Ilikuwa imepandishwa kwenye chelezo ikifanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na walikwisha kunywa pamoja mara nyingi. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Inasimuliwa kuwa aliruka ndani ya kimashua, akapiga makasia kuelekea Gwendolen huku akifoka, akitaka kujua kama mwenzake amelewa. Akajibiwa kuwa nchi zao zinapigana na kwamba yeye sasa ni mateka. Hapo msomaji hucheka, hasa akisikia kuwa makombora kadhaa yalikosa shabaha kabla ya moja kupata, ilhali Gwendolen ililenga shabaha isiyoweza kusogea.

Sikatai kucheka. Ninachokataa ni hadithi kuishia hapo, kana kwamba ziwa lilikuwa jukwaa la Wazungu wawili na chupa yao. Gazeti la The Times la London nalo lilitangaza tukio hilo kama ushindi wa majini, na mpaka leo wapo wanaoliita pambano la kwanza la majini la vita vile. Si kweli. Meli ya Wajerumani Königin Luise ilikwisha kuzamishwa katika Bahari ya Kaskazini tarehe 5 Agosti, na manowari ya Waingereza Astraea ilikwisha kuipiga Dar es Salaam tarehe 8. Uzito wa Liuli hauko kwenye kuwa wa kwanza. Uko kwenye yale yaliyoifika nchi hii ya milimani, Rungwe, ambako mizinga ile haikusikika.

Tuanze na sababu. Kusini mwa ziwa na kaskazini mwake hapakuwa na reli ya kuunganisha pande hizo mbili, na barabara zilikuwa njia za miguu. Askari, risasi na unga vilipita majini au vilipita kichwani kwa mtu. Waingereza walikuwa na vyombo kadhaa. Wajerumani walikuwa na meli moja tu ya maana. Aliyeizima hiyo moja alikuwa amepata barabara ya zaidi ya kilomita 500 bila kulima hata hatua moja. Waingereza walikuwa pia na waya wa simu, ule wa ndoto za Cecil Rhodes, uliopita Nyasaland, Malawi ya leo, hadi Karonga. Kwa hiyo Zomba, makao ya serikali ya Nyasaland, ilijua kuna vita wakati Liuli watu wanagonga misumari. Watu huliita shambulio lile ujanja wa Rhoades. Mimi naona ni kazi ya waya.

Matokeo yalionekana chini ya mwezi mmoja. Meli zilipakia askari wa King's African Rifles kusini na kuwashusha Karonga bila bughudha, kikosi cha kapteni Barton. Upande wetu, makao ya Wajerumani yalikuwa Tukuyu, waliyoiita Neu-Langenburg, na kampuni yao ya askari ilikaa Masoko, kwenye boma lililo juu ya ziwa dogo la kreta. Kapteni von Langenn hakuwa na chombo cha kuwashusha watu nyuma ya adui. Alilazimika kuteremka kwa miguu, kuvuka mto Songwe na kuikabili Karonga mbele kwa mbele. Tarehe 9 Septemba alishambulia. Barton alikuwa ametoka kumtafuta wakapishana njiani, kisha akarudi mbio. Wajerumani wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa, na Langenn mwenyewe akajeruhiwa vibaya.

Waliokufa pale wengi hawakuwa Wajerumani wala Waingereza. Jambo hilo John Chilembwe, mchungaji wa Nyasaland, aliliona mapema kuliko wanahistoria. Mnamo Novemba 1914 aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times kulalamikia damu ya Waafrika inayomwagika katika ugomvi usio wao; serikali ikaizuia. Januari 1915 aliongoza uasi, akauawa. Mtu akitaka kujua mizinga ya Liuli ilisikika mpaka wapi, asiishie ufukweni, aende Chiradzulu, alikokuwa na misheni Chilembwe.

Mei 1915 Waingereza walirudi Sphinxhaven kuhakikisha Wissmann haiamki. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa Mei 1916, jeshi la jenerali Northey lilivuka mpaka na kuitwaa Tukuyu, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Njombe. Shehena za jeshi hilo zilikuja kwa meli mpaka kaskazini mwa ziwa. Kutoka hapo meli hazikuwa na msaada. Rungwe ya siku hizo ilishuka mpaka majini, kwani Kyela ilimegwa miaka ya 1970, na njia ya kutoka bandari ya Mwaya hadi Tukuyu hupanda kutoka mita zisizofika 500 hadi takriban mita 1,500, kwenye udongo wa volkano unaoteleza mvua ikinyesha, nayo huku hunyesha kwelikweli. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hivi, mbali na chungu chake na mkeka wake. Wajerumani walichukua wapagazi wakati wa kurudi nyuma, Waingereza wakachukua wengine wakati wa kuwafuata, na ndizi na ng'ombe wa Wanyakyusa wakaliwa na pande zote mbili.

Hata Wissmann yenyewe ilifika ziwani kwa mabega ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ililetwa vipande vipande kwa Zambezi na Shire, na palipokuwa na maporomoko vipande hivyo vilibebwa na watu mpaka mahali pa kuviunganisha.

Kwa hiyo toleo hili nimelipanga kinyume na desturi. Makala za wapagazi wa Mwaya na Masoko zinatangulia, Karonga inafuata, kisha Chilembwe. Rhoades na Berndt mtawakuta kurasa za nyuma, kimashua na yote.