Utani wa redioni una mpaka, waulize wa Nainokanoka

NAINOKANOKA ni kata ya baridi na ukungu wilayani Ngorongoro, jirani na kreta ya Olmoti. Ukitoka Karatu unapita geti la Loduare, unapanda hadi ukingo wa kreta kubwa, kisha unaendelea. Hakuna uwanja wa Ligi Kuu huko. Simba na Yanga hazina mechi ya kwenda kucheza huko. Mpira unafika kwa redio na kwa simu.

Ndiyo maana mjadala wa lugha ya watangazaji wa michezo, unaoonekana wa Dar es Salaam, una uzito wa aina yake huko juu. Shabiki wa Kariakoo akitukanwa na mchambuzi saa tatu asubuhi, saa nne yupo kijiweni anajibu, jioni anaweza hata kukutana na mchambuzi mwenyewe. Wa Nainokanoka anasikia tu. Hana namba ya studio inayopokelewa haraka, hana rafiki aliyekaa na maiki.

Vipindi vya michezo sasa ndiyo vijiwe vikubwa kuliko vyote nchini. Vinaanza asubuhi, vinarudi mchana, vinafunga usiku. Mechi ni dakika 90, maneno ni saa nyingi kila siku. Kumbuka derby ya Kariakoo iliyopangwa Machi 8, 2025 ikaahirishwa baada ya sakata la Simba kuzuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Katikati hapo ilipita zaidi ya miezi mitatu ya derby bila derby. Redio zililazimika kujaza muda huo kwa maneno, na maneno yakiwa mengi, mengine huwa hayachujwi.

Kinga ya kwanza ya mtangazaji akibanwa ni moja: "Ule ulikuwa utani."

Sawa. Utani ni mila yetu. Makabila ya nchi hii yana watani wao, na Simba na Yanga wamekulia humo humo. Lakini utani wa asili una sharti ambalo redio imelisahau: ni wa pande mbili. Mtani wako akikutania leo msibani, kesho zamu yako inafika na yeye hana ruhusa ya kununa. Yanga akiambiwa "utopolo" anajibu "kolo", ngoma droo. Wote wana wasemaji, wote wana wachambuzi wanaojulikana wanapenda upande gani.

Sasa mchukue Mmasai. Lafudhi yake imekuwa kichekesho cha matangazo ya biashara na vipindi kwa miaka mingi. Kila anapoigizwa yeye ni mlinzi, ni mshamba wa mjini, ni mtu asiyeelewa. Yeye anamjibu nani, na kwa maiki ipi? Hapo utani umekwisha, kilichobaki ni dharau yenye muziki nyuma yake.

Na dharau ina tabia ya kutoka kwenye kichekesho ikaingia kwenye mambo mazito. Mwanzoni mwa 2022 mjadala wa kama wakazi waendelee kuishi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro ulipamba moto hadi bungeni. Miongoni mwa sauti zilizosikika mbali zilikuwa za wanahabari wa mjini, akiwemo mtangazaji wa michezo anayejulikana nchi nzima, aliyezungumzia ongezeko la watu na mifugo hifadhini. Jamii ya Kimasai ikaja juu, ikisema inachorwa kama mharibifu wa ardhi ambayo imeishi nayo tangu kabla ya Mamlaka ya Hifadhi kuanzishwa mwaka 1959. Juni mwaka huohuo kundi la kwanza la kaya likaanza kuhamia Msomera, Handeni.

Hoja ya uhifadhi ni halali, na wapo wanaoitetea kwa nia njema. Mtangazaji wa michezo naye ni raia, ana haki ya kuwa na maoni nje ya mpira. Tatizo ni mizani. Anayesema anasikika kutoka Mtwara hadi Kagera, anayesemwa yupo Nainokanoka anasubiri mtandao ushike. Kwa watu wanaojadiliwa waishi wapi, neno la redio si kelele za kijiweni. Linatengeneza picha ambayo wengine wataitumia kuamua.

Na hili si la Tanzania peke yake.

Machi 2021 watangazaji watatu wa Homeboyz Radio ya Nairobi walizungumzia hewani kisa cha mwanamke aliyedai kusukumwa na mwanamume kutoka ghorofa ya 12. Badala ya kuuliza kuhusu mtuhumiwa, wakamgeukia mwanamke, wakajadili alivyojirahisisha. Kampuni ya bia ya EABL ikasitisha udhamini wake. Watangazaji wakafukuzwa kazi. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikapiga faini ya Sh1 milioni za Kenya na kusimamisha kipindi hicho kwa miezi sita.

Angalia mpangilio huo. Mdhamini hakusubiri mamlaka.

Kwenye soka lenyewe, somo kubwa lipo Uingereza. Januari 22, 2011 Liverpool ilishinda 3-0 ugenini kwa Wolves. Mshika kibendera alikuwa mwanamke, Sian Massey. Andy Gray na Richard Keys wa Sky Sports, wakidhani maiki zimezimwa, wakamkejeli kwamba wanawake hawaijui sheria ya kuotea. Kwenye bao la kwanza Massey aliacha mpira uendelee, na marudio yakaonyesha alikuwa sahihi. Gray akafukuzwa Januari 25, Keys akajiuzulu siku iliyofuata. Mwezi uliofuata wote wawili walikuwa hewani tena, kwenye redio ya talkSPORT.

Kisa hicho kina pande mbili. Kwanza, aliyekejeliwa alikuwa anaijua kazi kuliko waliomkejeli. Pili, mwenye jina kubwa huanguka karibu, anaokotwa haraka. Massey ndiye aliyeondolewa kwa muda kwenye ratiba ya mechi, eti apishe kelele. Aliyesemwa akawa ndiye anayejificha.

Hapa nyumbani rungu lipo na linatumika. Septemba 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliifungia Wasafi FM siku saba kwa lugha iliyovunja kanuni za maudhui kwenye vipindi vya Mashamsham na The Switch. Kwa upande wa mpira, Julai 2022 kamati ya maadili ya TFF ilimfungia Haji Manara, wakati huo msemaji wa Yanga, miaka miwili na faini ya Sh20 milioni. Kosa lilikuwa maneno yake kwa Rais wa TFF, Wallace Karia, kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha.

Ukiyaweka mezani maamuzi hayo mawili unaona pengo. Moja lililinda masikio ya umma kwa ujumla, jingine lililinda heshima ya kiongozi wa soka. Yote yana sababu zake. Lakini mwanakijiji aliyedhalilishwa na mtangazaji anaingilia mlango gani?

Milango ipo, tatizo haitangazwi. TCRA ina Kamati ya Maudhui inayopokea malalamiko ya msikilizaji. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, lina kamati ya maadili inayosuluhisha bila watu kufikishana mahakamani. Shabiki anayejua kwa kichwa kikosi cha Yanga cha msimu uliopita, mara nyingi hajui kwamba anaweza kulalamika na kituo kikatakiwa kujieleza. Vipindi vinatangaza namba ya kubashiri mara kadhaa kwa saa. Namba ya kulalamikia, kimya.

Kuna na suala la nani anakaa kwenye kiti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinamtaka mwanahabari awe na elimu isiyopungua stashahada. Mchambuzi je? Mwingine ni mchezaji wa zamani, mwingine ni shabiki mwenye mdomo mtamu aliyepata umaarufu mitandaoni. Wengi wanaujua mpira vizuri. Lakini kuujua mpira na kujua neno lipi linaumiza watu ni taaluma mbili tofauti, na kituo kinachompa mtu maiki bila kumfundisha ya pili ndicho chenye kesi ya kujibu.

Wapo watakaosema haya ni kukuza mambo. Mpira bila kuchambana si mpira, na redio ikiwa ya adabu kama hotuba ya mgeni rasmi hakuna atakayesikiliza. Hilo ni kweli, na hatari nyingine ni kwamba kanuni za lugha zikiachwa wazi sana zinaweza kumnyamazisha anayekosoa viongozi wa klabu au shirikisho. Mkosoaji asiguswe. Mwambie kocha kashindwa kupanga timu, mwambie rais wa klabu kasajili galasa. Hao wana ofisi, wana msemaji, watajibu kesho asubuhi.

Kipimo basi kisiwe ukali wa neno, kiwe nani anarushiwa. Je, anasemwa kwa alichofanya uwanjani au ofisini, au kwa alivyozaliwa? Je, anaweza kujibu kwenye kipindi kilekile? Jibu likiwa hapana mara mbili, hiyo kadi ni nyekundu, hata studio nzima ikicheka.

Arusha inajua hatima ya redio inayochekesha kwa kudharau. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa mjini hapo, na Desemba 3, 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa RTLM, redio iliyovuta wasikilizaji kwa muziki na mizaha kabla na wakati wa mauaji ya 1994. Hakuna redio ya michezo Tanzania inayofanana na hiyo, na si haki kuzilinganisha. Linalofaa kukumbukwa ni dogo tu: hata RTLM ilianza ikiwa redio ya kufurahisha.

Kufungia kituo wiki nzima kunamnyima shabiki matangazo ya mechi, na aliyetukanwa hapati kitu. Adhabu yenye faida ni nyepesi kuielewa: aliyekosea aombe radhi mwenyewe, kipindi kilekile, saa ileile, na aliyekosewa apewe maiki kwa muda uleule. Kama dakika tano zilitumika kuwacheka watu wa Nainokanoka, dakika tano ziende Nainokanoka, kwa simu, na mtangazaji akae kimya asikilize.